Uamuzi wa lazima kwa mishahara ya polisi na zimamoto Marekani: kipengele gani kinaokoa bajeti ya mji?

Swali
Wakuu, kwenye majimbo kadhaa ya Marekani polisi na zimamoto hawaruhusiwi kugoma. Mazungumzo yakikwama, mwamuzi anapanga mshahara na mji unalipa. Pennsylvania ina sheria hiyo tangu 1968, Michigan tangu 1969. Kila mara mameya wanalia irekebishwe. Kipi kikibadilishwa bajeti inapumua kweli, na kipi ni kelele tu?

Jibu 1
Vigezo vya mwamuzi kwanza. Uwezo wa mji kulipa ukiwa kigezo kimoja kati ya vingi, mwamuzi anautaja kisha anaegemea miji jirani. Mji A unapandisha kwa sababu B imepandisha, mwaka unaofuata B inadai kama A. Ngazi haina mwisho.

Mwaka 2011 Michigan iliamuru uwezo wa kulipa upewe uzito kuliko vigezo vingine vyote, na madeni yote ya mji yahesabiwe hata yasiyoonekana kwenye mizania. Hapo ndipo ahadi za pensheni na matibabu ya wastaafu zinapoingia mezani.

Jibu 2
Vigezo bado vinamwachia mwamuzi nafasi ya kujitetea. Kikomo cha nyongeza hakimwachii. New Jersey iliweka 2% kwa mwaka kuanzia 2011, na ujanja ulikuwa kwenye tafsiri ya "mshahara wa msingi": nyongeza za ngazi (zinazopanda zenyewe kadiri mtu anavyokaa kazini) na malipo ya utumishi wa muda mrefu zilihesabiwa ndani. Chukua mfano wa kitengo kinacholipa mishahara ya dola milioni 10. 2% ni 200,000. Kama ngazi peke yake zinakula 150,000, zimebaki 50,000 za kugawana wote. Tafsiri ikiziacha ngazi nje, kikomo ni pambo.

Bima ya afya na pensheni zilikuwa nje ya hesabu. Halafu sheria ilikuwa na tarehe ya kufa: iliisha mwishoni mwa 2017, haikuongezwa.

Muuliza swali
Na ucheleweshaji? Naona haumo kwenye hoja zenu.

Jibu 3
Huo ndio unaoua kimyakimya. Mkataba umeisha, kesi imeburutwa miaka miwili, mwamuzi anatoa 3% kwa kila mwaka kuanzia siku ulipoisha. Kwa milioni 10 zilezile, malimbikizo ni 300,000 ya mwaka wa kwanza na 609,000 ya wa pili: dola 909,000 kwa mkupuo, hazimo kwenye bajeti yoyote. Ndiyo maana mageuzi ya 2011 Michigan yaliweka ukomo wa siku 180 kwa kesi, na New Jersey siku 45, zikawa 90 mwaka 2014. Hizo 45 zilikuwa ndoto, kusema kweli.

Jibu 1, umeacha ofa ya mwisho. Michigan jopo la waamuzi huchagua moja kati ya ofa mbili kwa kila hoja ya fedha, haligawi katikati. Mji unaopeleka 0% huku vitabu vyake vina akiba nono unajichongea: chama cha wafanyakazi kikileta 2.5%, hiyo ndiyo itakayoonekana ya kiungwana. Peleka 1.5% pamoja na makadirio ya miaka mitano, mapato ya kodi ya majengo upande mmoja, michango ya pensheni upande wa pili. Na akiba ikiwa imetengwa kwa kazi maalumu, onyesha azimio la baraza lililoitenga. Bila karatasi hiyo chama kitaiita fedha huru, na jopo litakubali.