Chesisi ya tela inapasuka kila mara mwisho wa kiraka, tatizo nini?

tela_la_mchanga: Wakuu habari za jioni. Chesisi ya tela langu ilipasuka chini karibu na springi, fundi akachomelea akaweka kiraka cha milimita 10, miezi minne tu ufa umerudi, safari hii umeanzia pale kiraka kinapoishia. Sasa anataka tununue chuma kigumu zaidi, bei yake imenishtua. Kitasaidia kweli?

mshono_safi: Pole sana mkuu, hela hiyo usitoe kwanza. Chuma kigumu kinabeba mzigo mkubwa zaidi, ila kwenye kupanda na kushuka kila tuta kila shimo, kikishachomelewa kinachoka karibu sawa na chuma laini, maana ufa unaanzia ukingoni mwa mshono wa kuchomelea, kuna vikato vidogo hata kwa macho huvioni, halafu mshono ukipoa unajivuta kwa hiyo chuma pale kina mkazo kabla hujapakia hata koleo moja la mchanga. Na mkazo wa kila mtikisiko ukiongezeka mara mbili maisha ya mshono yanabaki kama moja ya nane, siyo nusu.

mkaa_gatini: Naongezea. Tarehe 27 Machi 1980, Bahari ya Kaskazini upande wa Norwe, jukwaa la Alexander L. Kielland lililokuwa bweni la wafanyakazi wa mafuta lilipinduka, wakafa 123 kati ya 212. Ufa ulianzia kwenye mshono wa milimita 6 tu, wa kishikio cha hidrofoni (kifaa cha kusikiliza sauti chini ya maji), kitu ambacho hakibebi mzigo wowote wa jukwaa! Mawimbi yakaukuza mpaka bomba la kushikilia mguu likakatika na mguu mmoja kati ya mitano ukang'oka.

tela_la_mchanga: Duh. Kwa hiyo kiraka nitoe?

mshono_safi: Toa. Toboa tundu kwenye ncha ya ufa usiendelee kukimbia, uchimbe wote kwa grainda, chomelea kwa rodi za kuchomelea aina ya 7018 zilizokaushwa, saga mshono ulale sawa na bamba na michirizi ya grainda ifuate urefu wa chesisi. Kiraka kikiwa lazima kaa nacho ubavuni, ncha zichongoke, usipitishe mshono kukata flanji ya chini (bamba la ulalo chini ya chesisi) kwa upana.

tela_la_mchanga: Asanteni sana wakuu. Nimetoka kuchungulia chini na tochi, kishikio cha taa nacho kimechomelewa flanjini hapohapo, kesho kinatoka na chenyewe.