Fremu zinapanda Nzuguni, barabara bado udongo: ni ya nani, na wenye fremu waanzie wapi?

mwenyefremu_dom

Wakuu, salaam. Naomba majibu ya wanaoijua kazi, siasa tuziache kwa leo. Hapa Dodoma, mitaa ya Nzuguni iliyo karibu na Soko la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi, fremu mpya za maduka zinaonekana kila mwezi. Mtaa ninaoulizia una mita 400 hivi, udongo mtupu. Kiangazi vumbi linatua juu ya unga na vitenge. Mvua zikianza Fuso la soda linazama hadi kwenye ekseli. Wenye viwanja 14 wako tayari kuchanga.

Barabara ya namna hii ni ya nani hasa? Hela ya tozo ya mafuta mbona haifiki huku? Na tukichanga, tuanze na kipi ili mchango usisombwe na mvua ya kwanza?

lami_siyo_bure

Mkuu, anza na umiliki, maana ndiko wengi wanakopotelea. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa serikali kuu. Kwa Dodoma ni kama ile ya Morogoro kwenda Singida, ya Iringa kwenda Babati, na ile ya mzunguko wa nje ya kilomita 112.3. Za wilaya na za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017 chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Halmashauri ya Jiji imebaki na mipango miji, vibali vya ujenzi na leseni za biashara. Kwa maneno mengine, anayekupa kibali cha kujenga fremu siye anayetengeneza barabara ya kuifikia. Ndiyo maana fremu zinatangulia barabara kwa miaka.

Sasa hela. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya Mfuko wa Barabara, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA. Lakini sheria ya mfuko inataka angalau asilimia 90 iende kwenye matengenezo. Lami mpya si matengenezo, ni maendeleo. Halafu mgawanyo uliozoeleka ni asilimia 70 TANROADS na 30 TARURA, na hiyo 30 inatandazwa kwenye mtandao wa kilomita zaidi ya 144,000 nchi nzima. Greda linalopita mara moja kwa mwaka ndicho kiwango ambacho fungu hilo linaweza kubeba. Lami nyingi za mitaa ya mijini unazoziona zimetoka kwenye miradi, mfano TACTIC ya mkopo wa Benki ya Dunia inayogusa miji 45, au fungu la maendeleo la serikali.

Kwa hiyo cha kwanza, nenda kwa meneja wa TARURA wa wilaya uulize kama mtaa wenu umo kwenye DROMAS, yaani mfumo wao wa kumbukumbu za barabara. Kama haumo, hauna namba, na barabara isiyo na namba haipangiwi hata mia. Kuuingiza ndiyo kazi yenu ya mwanzo, kabla ya kuchanga chochote. Baada ya hapo mkutano wa mtaa uandike muhtasari wenye saini, uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, diwani aufikishe baraza la madiwani. Yote haya yawe yamekamilika kabla ya Novemba. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Barua ikifika Machi, makadirio yameshafungwa na mnakaa mwaka mwingine mzima. Diwani asiishie barazani tu, kuna Bodi ya Barabara ya Mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa, na huko nako barabara zinasemewa.

sepetu_na_mtaro

Naongezea upande wa kazi yenyewe. Msiguse moramu, yaani changarawe ya kutandaza barabarani, kabla ya mtaro. Dodoma ni nusu ukame, mvua yake ni ya Desemba hadi Aprili, lakini ikija inakuja kwa kishindo na maji yote yanatafuta njia ndani ya saa moja. Yasipopata mtaro, yanafanya barabara kuwa mtaro.

Na wanaoua mitaro ni wenye fremu wenyewe. Mtu anataka wateja wapaki mlangoni, anajaza kifusi kwenye mtaro mbele ya fremu yake, labda anatupia bomba la milimita 300 chini. Bomba hilo linazibwa na mifuko na chupa za maji kabla msimu haujaisha, na kwa kuwa ni jembamba hakuna anayeweza kulizibua. Maji yanapanda barabarani, yanakula ukingo, na kwa jirani wa chini ndiko shimo linakotokea. Fremu moja inaweza kuharibu mita 50 za barabara.

Kivuko cha kuingilia kiwe kalavati la milimita 600, sepetu na mkono vipite. Kama mtaro umejengwa kwa mawe au zege, kizuri zaidi ni mifuniko ya zege ya unene wa sentimita 15, iliyokatwa vipande vya upana wa sentimita 40 vyenye vishikio vya nondo. Watu wanne wanakinyanyua kimoja, mtaro unafagiliwa, kinarudi. Mfuniko wa kumwaga palepale, mita tano bila kiungo, ni kaburi la mtaro. Mteremko wa mtaro usipungue nusu mita kwa kila mita 100, na mjue maji yanaishia wapi. Yakiishia kwenye kiwanja cha mtu, hamjamaliza kazi.

Hesabu ya moramu: mita 400 kwa upana wa 6 kwa unene wa sentimita 15 ni meta za ujazo 360 zikishashindiliwa. Zidisha kwa 1.3, maana moramu ikiwa kwenye tipa haijashindiliwa. Inakuja 468. Kwa tipa la meta za ujazo 15 ni safari 32. Hapo ndipo mnapoibiwa: pima bodi la tipa kwa futi kamba kabla ya safari ya kwanza. Urefu mita 5, upana 2.3, kimo 1.3, hiyo ndiyo 15. Likija limepungua sentimita 30 juu, mmepewa meta za ujazo kama 11.5 na mtahitaji safari 41.

Sampuli ya moramu ipimwe maabara, CBR, yaani kipimo cha uwezo wa udongo kubeba mzigo, isipungue 25. Imwagiwe maji ya boza ndiyo ishindiliwe. Moramu iliyoshindiliwa kavu inakuwa vumbi lenye bei. Katikati ya barabara pawe juu kuliko ukingo kwa sentimita 15, hiyo ni asilimia 5 kwa nusu ya mita 3. Na mkikuta udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi, uchimbwe utolewe kwanza, la sivyo moramu yote itamezwa.

mwenyefremu_dom

Asanteni sana. Mkuu sepetu, kwa hiyo tukipata tipa 32 na greda la kukodi tunaweza kuanza wenyewe wikiendi?

sepetu_na_mtaro

Hapana. Barua kwa TARURA kwanza, wawape kimo cha barabara na fundi sanifu wa kusimamia. Mkimwaga bila wao, siku ya mradi kazi yenu inakwanguliwa kwa sababu haina kumbukumbu za vipimo. Makubaliano yaandikwe: nani ananunua moramu, nani analeta greda, nani anasafisha mitaro baadaye. Hilo la mwisho husahaulika. TARURA huwa wanatoa kazi za usafi wa mitaro kwa vikundi vya kijamii. Kikundi cha mtaa wenu kinaweza kuomba.

mchoro_kwanza

Niongelee fremu, maana mnazungumza barabara kana kwamba fremu haziko makosani. Jiji hili sensa ya 2012 lilikuwa na watu 410,956, ya 2022 ikahesabu 765,179. Biashara lazima ziongezeke. Tatizo ni pale zinapokaa.

Kabla hujajenga, chukua mchoro wa mipango miji uone upana wa hifadhi ya barabara yako, yaani eneo lililotengwa kwa barabara, kisha mpima aweke alama. Usipime kwa jicho kutoka ukingo wa tairi zilipopita, kwa sababu njia ya udongo hutangatanga na katikati yake si katikati ya hifadhi. Barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kabla ya Sheria ya Barabara ya 2007 ilikuwa 22.5 kila upande. Ile mita 7.5 ya nyongeza ndiyo yenye alama ya X ya kijani inayochorwa kwenye majengo ya kubomolewa, kwa waliokuwepo kihalali kabla ya sheria, wanalipwa fidia. X nyekundu hailipwi.

Kiwanja kikiwa cha makazi, omba mabadiliko ya matumizi kwanza, halafu kibali cha ujenzi. Watu wengi wanajenga "uzio wenye milango". Kila mtu anajua ni fremu, afisa mipango miji naye anajua.

Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kimo cha sakafu. Leo mtaa uko chini, unajenga sakafu sentimita 20 juu ya ardhi unaona umemaliza. Lami ikija inabeba tabaka la chini sentimita 15, la juu 15, na lami yenyewe. Barabara inakuwa juu ya sakafu yako kwa zaidi ya sentimita 10, na maji yanaingia dukani moja kwa moja. Uliza TARURA kimo kinachotarajiwa, kisha sakafu yako iwe sentimita 45 juu ya hapo, au angalau 30.

Maegesho: gari moja linahitaji mita 2.5 kwa 5, na mita 6 nyuma yake za kugeuzia. Ongeza mita 2 za watembea kwa miguu mbele ya milango. Jumla mita 13 ndani ya kiwanja. Kama huna, kaeni wenye viwanja vitatu au vinne mtoe eneo moja la pamoja lenye mlango mmoja wa kuingilia. Mlango mmoja ni kalavati moja badala ya manne, na Fuso linashusha mzigo ndani. Fuso likisimama na tairi moja juu ya ukingo wa lami kila siku, ukingo unabomoka kabla ya katikati kuwa na ufa hata mmoja.

ruiru_254

Huku Kenya ngoma ni ile ile. Tozo ya matengenezo ya barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, na bado wabunge na magavana walivutana hadi mahakamani kuhusu shilingi bilioni 10.5 za hazina hiyo. Kwa mwenye duka, kibali cha ujenzi ni cha kaunti lakini barabara inaweza kuwa ya KURA (barabara za mijini), KeNHA (barabara kuu) au kaunti yenyewe. Pata jibu la maandishi ni ya nani kabla hujaweka hata kalavati moja.

mwenyefremu_dom

Nimeelewa. Swali la mwisho: baadhi wanataka tuvuke moramu, tuweke matofali ya pevingi moja kwa moja.

sepetu_na_mtaro

Inawezekana, na kwa mtaa wa maduka ni nzuri kuliko lami nyembamba, kwa sababu yanang'oka na kurudi. Lakini yawe ya milimita 80, zile za 60 ni za waenda kwa miguu. Tofali la sentimita 20 kwa 10 yanaingia 50 kwa meta ya mraba. Meta za mraba 2,400 ni matofali 120,000, weka 126,000 kwa ajili ya yanayovunjika. Chini yake msingi ulioshindiliwa, mchanga sentimita 3 hadi 5 tu, na mawe ya ukingo yaliyoshikwa kwa zege pande zote mbili. Bila ukingo matofali yanatembea, viungo vinafunguka, mchanga unaondoka na maji.

Na kabla ya tofali la kwanza, waiteni DUWASA wa maji na TANESCO wa umeme. Lazeni mabomba matupu ya milimita 110 kuvuka barabara, moja kila baada ya viwanja viwili, sentimita 60 chini, ncha zizibwe na zipigwe alama ya rangi kwenye jiwe la ukingo. Mwenye fremu mpya akitaka maji mwakani, bomba lake linapita humo, hakuna anayechimba.