Majumba ya kale Pangani: tuwape wawekezaji, tuwaachie wenyewe, au tuyaache yaanguke?

Mvukapantoni (mleta mada)

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Pangani msibani. Baada ya hitma nikatoka na mdogo wangu kunyoosha miguu kuelekea pantoni, tukakatisha Uhindini, ule mtaa wa nyumba za kale za mawe. Kuna nyumba pale naijua tangu niko darasa la tatu, ya ghorofa moja, roshani ya mbao mbele. Sasa haina paa. Mwarobaini umeota katikati ya sebule, umepita pale ilipokuwa dari na kutokeza juu ya ukuta. Mlango wa nakshi haupo, limebaki tundu lililozibwa kwa bati mbili na waya. Nikamuuliza mama mmoja anayechoma vitumbua kwenye baraza ya jirani, mlango umekwenda wapi. Hakuinua hata uso. "Mlango ulipanda gari, mwanangu."

Naleta mada sasa kwa sababu barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo inajengwa na mto unawekewa daraja. Sisi tuliozoea kusubiri pantoni huku tunatafuna korosho tutakuwa tunapita juu bila hata kuzima pikipiki. Aliyekuwa akisema Pangani ni mbali atakuja. Atakuta nini?

Vijiweni nimesikia kauli tatu. Wapo wanaosema wapewe wawekezaji wafanye hoteli. Wapo wanaosema zibomolewe, ni hatari kwa watoto na viwanja vile ni vya mbele ya mto. Na wazee wachache wanasema yaacheni, nyumba nayo ina siku yake kama binadamu.

Mimi naona nyumba ya mawe haifi kwa uzee, inakufa kwa kukosa mtu. Pita Uhindini uhesabu. Zile ambazo uani bado panafuka moshi zimesimama, hata kama bati limetoboka. Zilizopigwa kufuli ndizo zilizolala chini. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba nyumba iliyotelekezwa akodishwe mtu wa kuishi humo, kwa kodi ndogo na miaka mingi, kwa masharti mawili tu: aezeke paa ndani ya mwaka wa kwanza, na asiguse uso wa nyumba. Mwenyeji kwanza, mgeni baadaye.

Halafu kuna kituko cha sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo lililojengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo halina kinga mpaka Waziri alitangaze. Ila mlango wa nakshi unalindwa ikiwa ulichongwa kabla ya 1940. Yaani nyumba ya 1895 inaweza ikaanguka yote na hakuna aliyekosa, lakini mlango wake kisheria ni mali ya kulindwa. Na kama mlivyosikia, mlango wenyewe ulipanda gari.

Karibuni tubishane.

Fundi Chokaa

Mkuu, hapo kwenye "kukosa mtu" umekosea kidogo. Nyingi zimeuawa na watu waliokuwa wanaishi ndani, kwa saruji.

Nimefanya kazi hii Unguja miaka kumi na mbili kabla ya kurudi bara. Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake ukiweka mkono mzima huufikii upande wa pili. Ukuta ule unapumua. Maji yanapanda kutoka chini, yanatoka. Sasa mwenye nyumba anaona lipu imechubuka, anaita kijana na mifuko mitatu ya saruji. Inapendeza mwaka mmoja. Maji yamekosa pa kutokea, yanapanda na chumvi yake mpaka kwenye vichwa vya boriti. Boriti ya mkoko iliyokaa miaka mia inaozea ndani ya ukuta, huku nje ukiigonga inalia ngo! kama mpya. Masika moja sakafu ya juu inashuka na kitanda.

Ukitaka kujua kwa nini vyumba vile ni virefu na vyembamba, ni hizo boriti. Ya kawaida haifiki mita tatu. Fundi alijenga chumba kwa kipimo cha mti.

Kwa hiyo masharti yako mawili hayatoshi. Ongeza la tatu: saruji marufuku. Na hapo ndipo utakapoona gharama. Chokaa inatakiwa ilazwe shimoni wiki kadhaa, si kitu cha kununua dukani asubuhi ukapaka mchana.

Kasa wa Ushongo

Fundi, heshima yako, ila umeniwashia moto. Chokaa hiyo inatoka wapi? Ni matumbawe yaliyochomwa tanurini kwa magogo. Boriti zinatoka wapi? Mikoko ya mto huu huu. Leo mikoko huikati bila kibali, na kuvunja matumbawe baharini ni kosa. Tukarabati nyumba hamsini za Uhindini kwa njia ya asili, halafu tukiangalia baharini tumebakisha nini?

Wazee wa hapa wanakijua kisiwa cha Maziwe kilipokuwa kisiwa. Kilikuwa na mivinje, wavuvi wanalala kivulini, kasa wanatagia pale kwa wingi. Kilitangazwa hifadhi miaka ya 1970. Kufika miaka ya 1980 hakuna mti hata mmoja. Wapo wanaolaumu shoka, wapo wanaolaumu bahari, nadhani vilisaidiana. Leo maji yakijaa Maziwe yote inazama, ni fungu la mchanga tu. Kasa bado wanakuja, hawajaambiwa. Wakitaga, mayai yanafukuliwa na kuletwa huku Ushongo yasizame.

Mnalilia mlango wa nakshi. Sisi tumepoteza kisiwa kizima na hakuna aliyefungua mada.

Mtaji Kwanza

Mnazunguka sana. Boma la Mikindani lilijengwa na Wajerumani 1895, likaachwa mpaka likawa gofu. Miaka ya 1990 shirika la hisani kutoka Uingereza likalikarabati, likawa hoteli, vijana wa pale wakafundishwa kazi. Leo liko na linapendeza. Kama wangesubiri "mwenyeji kwanza" lingekuwa kichaka. Hela haina kabila. Apewe mwenye nazo.

Bintimrima

Kaka Mtaji, Mikindani ni jengo moja la serikali na shirika moja lisilotafuta faida. Uhindini ni mtaa wa watu. Mfano wako nenda kautafute Shela, kule Lamu. Wageni wamenunua nyumba za mawe, wamezikarabati kwa ustadi kweli, chokaa nyeupe kama pamba. Mwenyewe anakuja wiki chache kwa mwaka. Mwenyeji amehamia pembezoni, anarudi pale asubuhi kufagia.

Na pesa nayo si kinga. Beit al-Ajaib ya 1883 iko katikati ya Mji Mkongwe, urithi wa dunia, na ukarabati ulikuwa unaendelea. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele ukaporomoka.

Jingine, mimi nafundisha historia. Wanafunzi wangu wakienda boma la hapa Pangani wanarudi na hadithi moja tu, kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo ili jengo liwe imara. Mgeni anaipenda hiyo, inamsisimua. Lakini uliza mtoto nini kilitokea hapa Agosti 1888, anakutolea macho. Kampuni ya Wajerumani ilipandisha bendera yake Pangani, wakala wao Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo, akaudharau mji mpaka mji ukawaka. Abushiri bin Salim akaongoza vita pwani yote ya Mrima. Wakamnyonga hapa hapa Pangani, 15 Desemba 1889. Nyundo naye hakuzeeka, Wahehe wa Mkwawa walimmaliza Lugalo 1891.

Ukimpa mtu jengo akalifanya baa na vyumba vya kulala, nani atasimulia hayo?

Mjukuu wa Manamba

Mwalimu, simulia yote basi. Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na watumwa. Nyumba mnazozililia zilijengwa kwa sukari na pembe za ndovu na migongo ya watu. Sisemi zibomolewe. Nauliza tu kwa nini kumbukumbu ya Pangani iwe ya wenye roshani peke yao.

Vuka mto hadi Bweni uende Kikogwe. Mkonge wote wa nchi hii ulianzia pale. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62. Sitini na mbili! Ndiyo iliyozaa mashamba yaliyotoa zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964. Babu yangu aliletwa na Silabu, ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, akavalishwa namba, akakata mkonge mpaka vidole vikakataa kunyooka. Alikuwa akishika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto. Ikaja nailoni, bei ikaanguka, yakaja na mengine, mashamba yakalala moja baada ya jingine.

Kambi alikozaliwa mama yangu sasa ni msingi tu kwenye majani. Korona, mashine ya kuchakata mkonge, imebaki kutu, na jina. Watoto wanaita kituo cha bodaboda "Korona" na hawajui ni mashine. Hakuna mlango wa nakshi kule, kwa hiyo hata mwizi hana cha kupakia kwenye gari. Na hapo sheria yenu ya 1863 haina habari.

Mvukapantoni

Mjukuu, umenipiga pabaya, nakubali. Sikuwaza ng'ambo kabisa, na jina langu lenyewe ni la kuvuka.

Kasa wa Ushongo, mawe ya nyumba zilizoanguka si yapo? Kila gofu lina mlima wa mawe. Fundi atuambie kama yanachomeka tena. Kuhusu boriti sina jibu.

Mtaji, mimi sipingi hela. Napinga kukabidhi mtaa mzima kwa mkataba mmoja.

Fundi Chokaa

Kuchoma kwa ajili ya nini? Mawe ya gofu yanajengewa tena vilevile yalivyo. Chokaa mpya utahitaji, ila kidogo kuliko mnavyodhani. Boriti, wengi siku hizi tunatumia mbao za msonobari zilizotiwa dawa. Si sawasawa, lakini paa linasimama.

Wa Tatu Kati ya Ishirini

Nimesoma tangu juu nikasema nisiandike. Basi naandika.

Mleta mada, nyumba uliyoieleza, ya roshani na mwarobaini sebuleni, kama iko karibu na ile baraza ya vitumbua ninayoidhania, ni ya babu yetu. Mnasema "imetelekezwa". Babu alifariki akiwa na wake wawili na watoto tisa. Watoto nao wakafa wakaacha watoto. Tulipohesabu mara ya mwisho warithi tulikuwa ishirini: Tanga, Dar, Mombasa, na sita wako Maskati ambao wawili sijawahi kuwaona. Kuweka bati moja kunataka ridhaa ya wote. Nilianza mimi kuifuatilia mirathi. Faili likapotea, nikaanza tena. Shangazi mmoja hataki iuzwe, mmoja hataki itengenezwe mpaka iuzwe. Mpangaji wa mwisho alitoka mwaka ambao sakafu ya juu ilishuka, na naam Fundi, ilikuwa imepigwa lipu ya saruji. Niliilipia mimi, nikajiona nimefanya la maana.

Na mlango hakuuiba mtu. Tuliuuza sisi. Mama mdogo alikuwa amelazwa, dawa zilitakiwa siku hiyo hiyo, mnunuzi alikuwa amesimama uani na fedha mkononi. Nilishika upande mmoja kuupandisha kwenye gari. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri. Kwenye fremu juu kuna aya, tuliifunika kwa khanga.

Sasa huo mpango wenu wa kumkodisha mtu kwa kodi ndogo, mtamkodishia kwa saini ya nani?

Bintimrima

Pole sana kaka yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mama mdogo kama ametangulia.

Wa Tatu Kati ya Ishirini

Alipona dada, yupo, kila Ijumaa anauliza habari za nyumba. Hatujamwambia kuhusu mlango.

Fundi, kama upo. Jumapili nakwenda Pangani. Nataka angalau nifunike juu kabla ya masika, hilo haliwezi kuhitaji saini ishirini. Na huo mwarobaini niung'oe?

Fundi Chokaa

Usiung'oe! Mizizi imeshajifuma ndani ya mawe, ukiuvuta unatoka na ukuta. Kata shina usawa wa sakafu kwa msumeno, usitumie shoka, mshindo utaleta mawe kichwani. Paka kisiki dawa, kife polepole, mizizi uiache humo humo iozee. Juu ya kuta weka turubai na mawe ya kulikandamiza, lakini uache upande wa bahari wazi upepo upite. Asipande mtu ghorofani, hata mtoto.

Na upige picha vichwa vya boriti vilivyobaki, karibu kabisa, na kitu cha kulinganisha pembeni, kiberiti kinatosha. Nitumie nizione kabla hujanunua chochote.