Fedha ya nakala 500 ipo, lakini riwaya haijapita kwa mhariri: nichape au nisubiri?

Mwalimu wa Igoma ameuliza:

Ndugu zangu waandishi na wasomaji, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza. Tangu mwaka 2020 naandika riwaya kuhusu mama mmoja mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, ambaye mumewe alikwenda ziwani asirudi, akamwachia watoto watatu na deni la mtumbwi ambao haujulikani ulipo. Rasimu ya kwanza niliiandika kwa mkono katika madaftari saba, kisha nikaiingiza kwenye kompyuta, na sasa niko katika rasimu ya tatu yenye sura 24 na maneno 71,000 hivi. Sura 20 nimekwisha kuziandika upya. Nne za mwisho zinanishinda. Kila nikizigusa naona mama huyu anafanya mambo ambayo mtu niliyemjenga mwanzoni asingeyafanya.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba wangu sura ya tisa. Yeye amevua dagaa kwa miaka mingi huko Igombe. Aliirudisha ikiwa na mstari mmoja tu wa penseli, chini ya sentensi inayosema kwamba mwezi mpevu ulikuwa ukimulika maji huku wavuvi wakivuta nyavu zilizojaa dagaa. Akaniambia, "Mwanangu, usiku wa mbalamwezi nani anawasha taa? Dagaa hawaifuati taa wakati ziwa zima lina mwanga. Siku hizo sisi tuko nchi kavu tunashona nyavu." Kosa hilo limeniumiza, kwa sababu tukio zima la sura hiyo linategemea mwezi: ndipo mama anapoutambua mtumbwi wa mumewe kwa rangi yake, ukiwa mikononi mwa mtu mwingine.

Sasa swali langu. Kikoba chetu kimevunjwa na nimepata fungu langu. Mchapaji mmoja hapa mjini amenipa bei ya nakala 500, na ameahidi kunipunguzia nikilipa fedha yote kabla ya mwisho wa mwezi. Fedha niliyo nayo inatosha kuchapa nakala hizo, au inatosha kumlipa mhariri na kuchapa nakala chache, lakini haitoshi yote mawili. Je, nichape sasa ili fedha isiishie kwenye ada na mahitaji ya nyumbani, au nisubiri? Na mtu anajuaje kwamba riwaya yake imekwisha?

Mhariri wa miswada, Nyegezi:

Marahaba, Mwalimu, na hongera kwa kufika sura ya 20 ya rasimu ya tatu, maana wengi huishia kwenye daftari la pili.

Usilipe uchapaji. Mjomba wako ameonyesha kosa moja katika sura moja aliyoisoma, nawe una sura 23 ambazo hazijasomwa na mtu anayeijua kazi ya ziwani. Punguzo la mchapaji linakuharakisha kwa kalenda yake, wakati mswada wako una kalenda yake.

Kuhusu mbalamwezi, nakushauri usikimbilie kuufuta mwezi. Uache uwake, uondoe uvuvi. Siku hizo mitumbwi imelala mchangani, wanaume wanashona nyavu, wengine wanaziba nyufa za mbao na kupaka rangi. Hebu mama yako apite ufukweni usiku huo, aukute mtumbwi wa mumewe umepinduliwa juu ya magogo, nusu yake ikiwa bado na rangi aliyoizoea na nusu nyingine imekwisha kupakwa rangi mpya. Mtumbwi unaopita mbali majini anaweza kuutilia shaka. Ulio mbele yake, ambao anaweza kuugusa na kurudi na rangi mbichi viganjani, hawezi kuukana.

Hapo ndipo naona jibu la sura zako nne za mwisho. Katika miswada niliyoishughulikia, mwisho ukigoma, mara nyingi ubovu uko nyuma. Kama katika sura ya tisa mama amekwisha kuujua ukweli kwa uhakika, basi sura kumi na tano zinazofuata hazina budi kueleza kwa nini amenyamaza. Je, anamlinda nani? Deni la mtumbwi anaendelea kulilipa kwa nani? Ukilijibu hilo, nadhani mwisho utaacha kukupinga.

Ndiyo maana uhariri una utaratibu wake, nao hauruki hatua. Kwanza unasomwa muundo: matukio, wahusika, mahali hadithi inapolegea. Kusahihisha tahajia ya sura ambayo kesho utaikata ni kupoteza fedha. Baada ya hapo ndipo lugha inapohaririwa sentensi kwa sentensi, na prufu, yaani nakala ya majaribio, husomwa mwisho kabisa, kurasa zikiwa zimekwisha kupangwa, kwa sababu kupanga kurasa kwenyewe huzaa makosa mapya. Nitakupa mfano ninaokutana nao kila mara. Programu nyingi za kupanga kurasa hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, hivyo "wanafunzi" hukatwa "wanafun-zi", na "ng'ombe" huachwa "ng'" juu na "ombe" chini. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu. Neno la kwanza lilipaswa kukatwa "wanafu-nzi". Mwombe msanifu azime ukataji huo kabisa, au apitie kila mstari kwa jicho.

Swali lako la mwisho nitalijibu kwa namna ninavyopima mimi. Mswada umekwisha pale ambapo mabadiliko unayoyafanya hayamgusi tena mhusika wala tukio, bali unahamisha mkato na kesho unaurudisha ulipokuwa. Wewe hujafika hapo.

Mwandishi wa Musoma:

Dada Mwalimu, naomba nikueleze yaliyonipata, kwa kuwa uamuzi ulio mbele yako niliufanya mwaka 2017, nami niliufanya vibaya.

Nilikuwa na mswada wa riwaya fupi na fedha ya mauzo ya shamba. Mchapaji aliniambia kwamba bei ya kila nakala inashuka kadiri idadi inavyopanda, na katika hilo alisema kweli. Katika uchapaji wa pleti, yaani mabati membamba yanayobeba maandishi ya kuchapwa, gharama ya kutengeneza pleti na kuiandaa mashine ni ileile, uchape nakala 100 au 1,000, hivyo ukichapa nyingi gharama hiyo inagawanyika. Katika uchapaji wa dijitali hakuna pleti, bei ya nakala moja iko juu kidogo lakini haibadiliki sana, nawe unaweza kuchapa 50, ukauza, ukachapa nyingine. Mimi nilitazama bei ya nakala moja tu. Nikachapa 400, nikalipa zote mapema.

Vitabu vilipofika, nilifungua boksi la kwanza nikiwa nimesimama mlangoni. Ukingo wa ndani wa kurasa ulikuwa mwembamba mno. Katika kurasa za kushoto, maneno ya mwisho ya kila mstari yalikuwa yamezama kwenye mgongo wa kitabu, na ili uyasome ilikubidi ukikamue kitabu kwa mikono miwili hadi gundi inaachia na kurasa zinachomoka. Mchapaji alinijibu kwamba alichapa faili niliyomletea, na faili ilikuwa hivyo kweli. Hakuna aliyeniambia kwamba kitabu cha kufungwa kwa gundi kinahitaji nafasi zaidi upande wa ndani. Mama yangu alikisoma chote kwa kukikamua namna hiyo, hakusema neno, nami nilikuwa nikimtazama.

Kwa hiyo nakusihi, siku utakapokwenda kuchapa, usipokee prufu ya kwenye simu peke yake. Dai nakala moja ya mfano iliyokatwa na kufungwa kwa gundi, uisome kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kisha ndipo utoe idhini kwa maandishi. Malipo yagawe: sehemu mwanzoni, sehemu baada ya nakala ya mfano, na iliyobaki siku ya kupokea mzigo.

Mkutubi mstaafu:

Naongeza machache ya kiofisi. Namba ya ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, hapa kwetu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ina tarakimu 13, na za Tanzania utazitambua kwa 9976, 9987 au 9912 baada ya 978. Kitabu cha karatasi na toleo la kielektroniki huhitaji kila kimoja namba yake. Iombe kabla jalada halijakamilika, kwa kuwa inakaa nyuma ya jalada na katika ukurasa wa taarifa za chapa. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, na kwa sheria yetu ya mwaka 1999 inadumu maisha yako yote na miaka 50 baadaye. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakusaidia kuwa na ushahidi ukitokea mgogoro.

Tena, kabla ya kuchapa, soma masharti ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022 na kuratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Tuzo za miswada kwa kawaida hutaka kazi ambayo bado haijatoka, na ukichapa nakala 500 leo huenda ukaufunga mlango huo mwenyewe.

Mkerewe wa Nansio:

Nakubaliana na waliotangulia kuhusu mhariri, lakini naogopa neno "subiri" linavyosemwa bila tarehe. Sisi wa Ukerewe tunaye Aniceti Kitereza, aliyemaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Ni miaka 35 kati ya kukamilisha kazi na kuichapisha, na yeye hakuwa na njia nyingine. Wewe, dada yangu, unayo. Mpe mhariri tarehe, nawe ujipe tarehe, ziandikwe katika karatasi moja mkaitia saini. Na fungu la uchapaji liweke mahali ambapo ada haitaliona.

Mwalimu wa Igoma:

Nawashukuru sana. Nimezisoma kauli zenu zote mara mbili, na ile ya kaka wa Musoma mara tatu.

Jana nilikwenda kwa mchapaji nikamweleza kwamba nakala 500 sizichukui. Punguzo limekwenda. Amekubali kunichapia 100 za dijitali, kwa nakala ya mfano na malipo ya awamu tatu, mswada utakapokuwa tayari. Fedha inayobaki ni ya mhariri, na tumekubaliana aanze na muundo. Mswada atarudisha mwishoni mwa Agosti, wakati nami nitakuwa nimezikabili upya sura nne za mwisho.

Sura ya tisa nimekwisha kuiandika kwa kufuata ushauri wa mbalamwezi ya nchi kavu. Mtumbwi umepinduliwa juu ya magogo, na mama anarudi nyumbani na rangi ya buluu kwenye viganja. Watoto wanamwuliza imetoka wapi, naye anawajibu kwamba amegusa mlango wa duka la jirani. Sikuwa nimepanga awadanganye. Nilipoiandika hiyo sentensi ndipo nilipojua kwa nini amenyamaza hadi sura ya 20.

Jumamosi naipeleka Igombe. Nimeichapa kwa herufi kubwa kwa sababu macho ya mjomba yamechoka, nami nimeacha ukingo mpana kwa ajili ya penseli yake.