Watafiti wa nje wanaokuja Amani: walazimishwe kumsomesha kijana wetu masta?

Mbondei wa Muheza: Wadau, nina hoja. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani, kule milimani Muheza, mwaka 1902, na tangu hapo watu wanapata PhD kwa vyura, ndege na miti ya Usambara Mashariki. Lile ua la zambarau (African violet) lililochukuliwa huku 1892 leo linauzwa kwenye vyungu dunia nzima. Silikanti, wale samaki wa kale waliodhaniwa wametoweka, zilipoanza kuingia kwenye majarife ya wavuvi wa Tanga miaka ya mwanzo ya 2000, wageni wakaja tena. Kijana wetu anabeba mkoba, anashika utepe wa kupimia, basi.

Mtafiti wa nje tayari anatakiwa awe na mshirika Mtanzania ndipo apate kibali COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Nasema ushirika huo usiishie kwenye sahihi. Kila mradi umlipie ada na gharama za fildi mwanafunzi mmoja wa masta, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine) au Mlimani, na tasnifu yake itokane na data hiyo hiyo.

Chumbageni Boy: Mkuu, wengi wa hao ni wanafunzi tu, wanahesabu senti kama sisi. Ukiwabana watahamia Taita, Kenya. Nayo ni Tao la Mashariki, safu ile ile ya milima kama Usambara.

Mwalimu Mstaafu: Spishi isiyopatikana popote ila Usambara utaifuata Taita kufanya nini?

Binti Pangani: Kaka zangu, mnasubiri walazimishwe wakati milango mingine iko wazi. Marekani, kwenye ikolojia na mageuzi, vyuo vingi vinapokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, yaani PhD. Ada inafutwa, na unalipwa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Ila huombi kama unavyoomba kazi halmashauri. Kwanza unamtafuta profesa anayeshughulika na jambo lako, unasoma makala zake, unamwandikia aya chache: unataka kujua nini, na umeshafanya nini. Wenzetu wanamtumia vyeti vyote, hadi cha kuzaliwa, bila swali hata moja! Ujerumani nako vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, lakini usipokuwa na ufadhili lazima uoneshe pesa ya kujikimu kabla ya viza. Hapo ndipo tunapokwama.

Mtembeza Wageni: Mimi niko huku huku Amani, na nina cheti cha fomu foo. Nikitaja mti kwa Kisambaa, mgeni anaandika kwenye daftari lake. Hoja yenu inanihusu?

Mbondei wa Muheza: Inakuhusu, ndugu yangu. Jina lako likae kwenye makala pamoja na waandishi, siyo kule mwisho kwenye shukrani. Masta siwezi kukuahidi, wanataka shahada ya kwanza. Chumbageni, nakubali nusu: mwanafunzi anayejilipia aachwe. Mradi wa miaka mitatu wenye gari na maabara, huo ubanwe. Binti Pangani, barua kwa profesa ni sawa kabisa, lakini atakayejibiwa ni yule aliyewahi kushika data. Ataishika wapi kama hapa nyumbani anabeba mkoba tu?

Chumbageni Boy: Haya, akishapata masta yake ya vyura, anaajiriwa na nani Tanga hii?

Binti Pangani: Wenye masta ya biashara wanaajiriwa na nani?