Ukungu wa Magamba unaweza kumwagilia kitalu?

MamaMiche: Wakuu habari, na shikamoo kwa mnaostahili. Nina kitalu cha miche huku juu Lushoto, upande wa Magamba. Kipupwe kikiingia mvua hukata na kijito hunywea, nabeba maji kwa dumu kutoka bondeni. Lakini kila alfajiri ukungu umetanda na majani yanachuruzika. Inaniuma kuona maji yote yale yanapita tu. Kuna namna ya kuyakinga?

BwanaShambaMstaafu: Marahaba mwanangu. Inawezekana, kwa neti inayonasa ukungu, ila usinunue kubwa kwanza. Chile, mlima El Tofo, nyavu za ukungu za kijiji cha Chungungo zilikuwa na mita za mraba 48 kila moja, na kila mita ilitoa wastani wa lita 3 hivi kwa siku. Huko ni pwani kame yenye upepo wa bahari. Kwako pima mwenyewe.

Unda fremu ya mita 1 kwa 1, ukingo wa chini uwe mita 2 kutoka ardhini. Watafiti hutumia kipimo hicho hicho, kwa hiyo utaweza kulinganisha. Funga neti ya kivuli tabaka mbili, isiwe ya matundu madogo sana, la sivyo upepo utaizunguka na kwenda na ukungu wake. Na hili tafadhali lishike: ukungu uliolala bondeni haukupi kitu, hata uwe mzito vipi. Vitone vyake ni vidogo mno kudondoka vyenyewe. Lazima upepo uvisukume vigonge nyuzi, viungane, ndipo viteremke. Peleka fremu mgongoni mwa kilima, iukabili upepo wa kusi. Chini yake weka bomba la PVC lililopasuliwa, limimine kwenye dumu. Siku za mvua ziandike pembeni, usije ukahesabu mvua kuwa ukungu.

KijanaWaAmani: Na miti ya ukingoni usiikate, mama. Ni wavu tayari. Kisiwani El Hierro, Visiwa vya Kanari, watu walikunywa maji ya ukungu yaliyodondoka kwenye mti mmoja, Garoé, hadi dhoruba ilipouangusha mwaka 1610.

MamaMiche: Asanteni sana. Kilima kipo, mirunda ninayo. Lakini fremu moja itatosha miche?

BwanaShambaMstaafu: Hiyo ni ya kupimia tu. Ikikupa hata lita 1 kwa siku, neti ya mita za mraba 20 itakujazia dumu la lita 20 kila siku ya ukungu. Hapo nguzo zivute kwa waya pande zote, maana neti kubwa hushika upepo kama tanga la jahazi.