Club za Dar zinaionea aibu singeli, inatia hasira!

Wakuu habari zenu, hili jambo nimelivumilia sana ila leo acha niseme. Hivi kwanini kwenye club kubwa za hapa Dar, hasa hizi za Masaki na Mikocheni, singeli, mziki wetu wenyewe wa kasi wa hapa Dar, inachukuliwa kama uchafu? Unalipa kiingilio, bia unauziwa bei ambayo mtaani ungekunywa tatu, halafu mpaka asubuhi ni amapiano juu ya amapiano. Siichukii amapiano jamani, wasauzi mziki wao wameutoa vitongojini wakaubeba wenyewe mpaka dunia nzima inaucheza, na hapo ndo roho inaponiuma maana sisi wa kwetu tunao, umetoka Manzese, Tandale, Mburahati huko, watu walianza kwa kuchukua vipande vya taarabu wakavikimbiza mpaka midundo 200, wengine wanagonga 300 kwa dakika, na bado mwenye club anaona kinyaa.

Juzi Jumamosi tulikuwa na besdei ya binamu yangu, club yenyewe siitaji. Nikamfata diji kistaarabu kabisa, kaka tupigie singeli hata mbili. Ananijibu bosi kakataza, wenye meza wanakimbia. Wenye meza gani?? Kwasababu saa 9 usiku alipochomekea kipande, haohao wa meza za chupa ndo walisimama wa kwanza, wadada viatu mkononi, mpaka wahudumu wanatikisa mabega na trei zao. Dakika haikuisha, meneja huyo anampungia diji mkono akate, ikakatwa katikati ya mstari! Baunsa naye anatuambia hapa sio uswahilini. Kwa hela yangu niliyolipa mlangoni!

Wakati huohuo kazi za kina Sisso, prodyuza wa singeli wa Mburahati, zimetolewa na lebo ya Uganda, Nyege Nyege Tapes, tangu 2017, diji wetu wa singeli DJ Travella anaenda kupiga Ulaya na wazungu wanaruka mpaka basi. Na msiniletee habari kwamba singeli ina matusi, uchaguzi ukifika wanasiasa wanaitumia hiyohiyo singeli kujaza viwanja, harusini inapigwa mbele ya wakwe, ila club ndo wanajifanya hawaijui.

Mameneja na madiji mliopo humu njooni mjibu, nani hasa aliwalalamikia? Na mwenye kujua kiwanja kinachopiga singeli wikiendi walau saa nzima, mabaunsa hawadhalilishi watu, aweke jina na kiingilio hapa chini, Ijumaa hii tunahamia huko kundi zima.